Randa ya Watu Wawili

Neville Staniforth aliambiwa kaka yake anakufa wakati mdomo wake umejaa pai ya nyama, na alitafuna mpaka akamaliza ndipo akajibu. "Haya," alisema. Akanywa chai iliyobaki, akafuta chembe za mezani kwa kiganja, akatoka mlango wa nyuma kwenda karakana yake. Ndivyo alivyo mtu huyo. Mwambie nyumba yako inaungua, atakuuliza kwanza kama umefunga geti.

Brenda, mkewe, alibaki amesimama jikoni na simu mkononi. Aliyepiga alikuwa Lorraine, binti wa Clifford, na alikuwa ameongea kwa sauti kavu ya mtu aliyekwisha kulia mahali pengine. "Ni mapafu, mamdogo. Ile asbesto aliyokuwa anakata zamani. Daktari anasema Krismasi tusiipangie mambo."

Kutoka Walkley, wanakokaa Neville na Brenda, mpaka Gleadless kwa Clifford ni basi moja na tramu moja. Sheffield si mji wa kupotezana. Lakini tangu siku waliyomzika baba yao, ndugu hao wawili hawakuwahi kugongeana mlango, na siku hiyo Lorraine alikuwa bado anavaa sare za shule. Sasa ana mvi. Na kisa chenyewe ni nini? Randa. Naam, randa ya seremala. Wenzao wanagombania nyumba na mashamba, hawa waligombania randa.

Ila nayo haikuwa randa ya kulainishia mbao hivi hivi. Amos, babu yao, aliinunua akiwa kijana: gogo zito la mbao ngumu yenye rangi ya asali, la kuchongea ule ukingo wa mawimbi unaokaa ukutani chini ya dari kwenye nyumba za wenye nazo. Mtu mmoja haiwezi. Mbele ina tundu la kupitishia kamba. Fundi anasukuma kwa nyuma, mwenzake anavuta kamba kwa mbele, wanakwenda pamoja hatua kwa hatua mpaka mwisho wa ubao. Na kwenye uso wake wa mbele kila mwenye kuimiliki aligonga jina lake kwa mhuri wa chuma, kama mafundi wa huko wafanyavyo tangu enzi: A. STANIFORTH, chini yake H. STANIFORTH, halafu nafasi tupu.

Huyo H. ni Harold, baba yao, na ndiye aliyewafundisha. Clifford, mkubwa, alisukuma. Neville, mdogo, alivuta kamba, kwa sababu kamba ni ya mdogo siku zote. Aliivuta mpaka viganja vikachubuka, huku Clifford akimpigia kelele kutoka nyuma, "Vuta bwana! Umelala? Punda wa mgodini ana faida kuliko wewe!" na yeye akirudisha, "Sukuma wewe, nani kakwambia uiegemee kama kaunta ya baa?" Walikuwa wakicheka. Watu wakisimulia habari za hao ndugu hulisahau hilo, kwamba walikuwa wakicheka mpaka mzee anawarushia kipande cha ubao.

Mzee mwenyewe alikuwa na sheria moja karakanani, na ole wako uivunje. Kazi ambayo haijaisha haionwi na mtu. Ilikuwa na gunia lake la kuifunika, na hata mwenye kazi akija kuchungulia aliambiwa arudi siku nyingine. Mkewe aliwahi kufunua kabati lake mwenyewe la jikoni kabla halijapakwa rangi, na Harold akalivunja akaanza upya. Upuuzi mtupu, lakini wanawe wawili waliunyonya upuuzi huo pamoja na maziwa.

Halafu Clifford akaondoka karakanani. Alikwenda kwenye majengo makubwa, kukata mabamba ya asbesto na kuyapigilia darini, kwa mshahara ambao Harold hakuwahi kuuona. Neville alibaki. Ndiye aliyemwogesha baba yake mwishoni, ndiye aliyemlisha kijiko. Kwa hiyo siku ya maziko, watu wamejaa sebuleni na mikate yao yenye nyama ya nguruwe, mama yao alipouliza ile randa itakuwa ya nani, Neville alikuwa na bia mbili tatu kichwani na neno lake tayari mdomoni.

"Ya seremala," alisema, na wajomba wote wanasikia. "Clifford siku hizi ni mtu wa kupigilia mabamba. Nyundo na msumari vinamtosha."

Wawili watatu walicheka. Clifford hakucheka. Alitoka akaenda karakanani, akachukua nyundo ya mbao, akaigonga randa kisogoni, kabari inayobana kisu ikalegea. Akaichomoa hiyo kabari, akachomoa na kisu, akavitia vyote kwenye mfuko wa koti lake jeusi. "Basi baki na gogo," alimwambia mdogo wake mlangoni. "Lipigie magoti." Na ndiyo ikawa basi.

Sasa, randa ya namna hiyo bila kisu na kabari ni kuni. Kisu chake kimechongwa kifuate mawimbi ya tumbo la randa yenyewe, na kabari yake imekwanguliwa kidogo kidogo, inajaribiwa, inatolewa, inakwanguliwa tena, mpaka ikae kwenye koo la randa hiyo na si nyingine. Kabari ya randa yako haiingii kwenye randa yangu. Neville alilitundika gogo lake juu darini, na huko likakaa, na kila mwenye kuliulizia alijibiwa kwa mgongo.

Siku ile ya pai alilishusha.

Brenda alimwona kupitia dirisha la jikoni, amesimama na lile gogo mikononi analipuliza vumbi, na moyo wake ukamlainika. Alimfahamu mumewe. Huyu hawezi kulia, hawezi kusema "kaka yangu," lakini mikono yake inaweza kusema kwa niaba yake. Kila asubuhi sasa alikuwa akienda karakanani baada ya chai. Kisogo cha randa kilikuwa kimeliwa na bungua. Alikikata akaunga mbao nzima. Mpini ulikuwa umevunjika pembe. Alichonga mwingine, akaulainisha kwa kiganja badala ya msasa. Alilinywesha gogo mafuta ya kitani mpaka likarudi kwenye rangi yake ya asali, na majina ya babu na baba yakatokeza tena. Jioni alilifunika kwa gunia lilelile la Harold.

"Vipande viko Gleadless," Brenda alimwambia siku moja akimpelekea chai. "Nyanyua simu."

"Siombi."

"Nani kasema uombe? Unamwuliza ndugu yako."

"Alivichukua mwenyewe kwa mkono wake. Mkono huohuo ungeweza kuvirudisha muda wote huu."

"Jamani, Neville! Mtu anakufa!"

"Najua anakufa," alisema Neville, na akageukia jiliwa lake. Brenda aliona sikio lake limekuwa jekundu.

Basi Brenda akapiga simu yeye. Alisubiri mumewe atoke kwenda kununua gundi, akapiga Gleadless, na Clifford mwenyewe akapokea, sauti imekwisha, kama mtu anayeongea huku anapanda ngazi.

"Nani huyo? Shemeji? Ehe, leo jua limetoka wapi?"

"Limetokea Walkley. Bado mkorofi wewe?"

"Nimebaki na huo ukorofi tu, vingine vyote wamechukua madaktari."

Brenda akamweleza yote: randa imeshushwa, imeponywa kisogo na mpini, inang'aa, haina kisu wala kabari. Upande wa pili ikasikika droo ikivutwa.

"Ninavyo," Clifford alisema. "Kila Krismasi huwa navipaka mafuta. Marehemu mke wangu alikuwa ananiita mwendawazimu." Akakohoa muda mrefu. "Nitakuja mwenyewe Jumamosi. Lorraine ataniendesha. Lakini usimwambie, shemeji. Ukimwambia ataanza kufagia karakana na kuvaa tai, halafu atakumbuka kununa."

"Haya, simwambii."

"Na kitu kingine." Sauti ilishuka. "Safari hii kamba nitashika mimi. Yeye atasukuma. Sitavuta kitu, mapafu yenyewe ndiyo haya, lakini nitaishika. Atanielewa."

Brenda alilia kidogo jikoni, akanawa uso, akafunga mdomo wake. Na hapo ndipo mwanamke mwenye akili zake timamu alipokosea, maana kama angekuwa mbea kama wenzake mtaani, yote yaliyofuata yasingekuwa.

Kwa kuwa Neville naye hakuwa amekaa. Mtu asiyeomba hutafuta njia yake, na njia aliyoipata ilikuwa kwenye soko la vitu vya zamani: kisu kipana cha chuma cha Sheffield, kizima, hakijawahi kuchongwa mawimbi, kimelala kwenye sanduku la makufuli mabovu. Alikileta nyumbani akakichonga kwa tupa, anakiweka chini ya tumbo la randa, anatazama mwanga, anakitoa, anachonga tena. Kilikubali. Ila kilikuwa kinene kuliko cha zamani, na koo la randa likakikataa. Hapo alisita. Alikaa juu ya kigoda chake na patasi mkononi, anatazama mle ndani, mashavu ya koo yamekuwa meusi kwa mikono ya babu na baba. Akiyapunguza, kisu kipya kitaingia na atakitengenezea kabari yake mpya. Akiyapunguza, kabari ya zamani haitashika tena.

Angeweza kuingia ndani akanyanyua simu. Ilikuwa hatua chache tu. Badala yake alijisemea kwamba Clifford asingekuja, kwamba angetaka kuja angekuwa amekuja zamani, na akaweka patasi akagonga. Maranda mawili meupe yakamdondokea mapajani. Ilikuwa Alhamisi.

Jumamosi mchana gari likasimama mbele ya nyumba. Neville alikuwa karakanani, amevaa aproni, hana habari, na alipogeuka mlango ulikuwa umejaa mtu. Si kwamba umejaa sana. Clifford aliyekuwa na mabega ya kubeba mlango peke yake sasa koti lilikuwa linamvaa yeye. Alikuwa na fimbo, na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi ya chini chini.

"Karakana ileile," alisema. "Uchafu uleule."

Neville alifuta mikono kwenye aproni. "Kaa," alisema, akamvutia kigoda.

"Sijaja kukaa." Lakini alikaa. Brenda alikuwa amesimama uani na mikono yake imekamata aproni, anatabasamu kama mtoto aliyeficha zawadi, na Neville alimwona, akaelewa ni nani kapanga. Akaelewa na jambo jingine papo hapo, na uso ukamsawijika.

Clifford alitia mkono kwenye mfuko wa koti akatoa soksi ya sufu. Ndani yake mlikuwa na kisu, cheusi kwa mafuta, hakina hata tone la kutu, na kabari. Aliviweka juu ya benchi kimoja baada ya kingine. "Hebu nione huyo mgonjwa wako."

"Hajaisha," Neville alisema haraka. "Haijaisha, Cliff. Njoo wiki ijayo."

"Wiki ijayo! Sikiliza huyu. Unadhani mimi nanunua wiki dukani?" Clifford alicheka, kicheko kikamgeuka kikohozi, na akiwa bado anakohoa akanyoosha mkono akalivuta gunia. Aliitazama randa kwa muda. Akaupapasa mpini mpya. "Mpini safi," alisema taratibu. "Mzee angetafuta kosa asilione."

Kisha akakitelezesha kisu mle ndani, akaitia kabari, akachukua nyundo ya mbao akaigonga, tip, kwa upole wa mtu anayeamsha mtoto. Kabari haikushika. Ilizama moja kwa moja ikatokea chini, ikaanguka juu ya benchi, na kisu kikaifuata kwa kishindo.

Clifford aliinua randa kwa shida, akaigeuzia dirishani, akachungulia kooni. Mashavu yote meusi, na katikati yake michubuko miwili myeupe, mipya kama mkate.

"Umechonga lini?"

"Juzi."

"Juzi." Clifford aliirudisha chini. "Imekaa huko darini tangu tumzike mzee. Juzi ndiyo ukaona uikate ili kisu changu kisishike."

Sasa hapo. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sikujua unakuja, kaka. Nilikata kwa sababu nilikata tamaa. Nisamehe, nitairekebisha. Chagua lolote. Brenda pale uani alikuwa anamwomba kwa macho. Na Neville, kwa aibu iliyomkaba, akachagua la kwake.

"Wewe ndiye uliyeondoka nacho," alisema.

Clifford aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei akajibiwa. Alikirudisha kisu kwenye soksi, akairudisha na kabari, akaifunga soksi fundo. Kusimama kulimchukua muda, na Neville alipotaka kumshika kiwiko, Clifford alikikwepesha. "Una randa yako, una kisu chako," alisema. "Hakuna unachonidai." Akamkuta Brenda uani, akampigapiga mkono. "Asante kwa yote, shemeji," alisema, na gari likaondoka.

Brenda hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliingia karakanani akasimama mbele ya mumewe. "Unajua alikuja kufanya nini? Alikuja kukushikia kamba. Yeye, mkubwa wako. Alisema wewe usukume, yeye ashike kamba, na kwamba utamwelewa."

Neville alikaa kwenye kigoda ambacho kaka yake alikuwa amekaa. Alificha uso wake kwa mikono yenye mafuta ya kitani na mabega yakamtikisika, na Brenda, kwa mara ya kwanza tangu wamejuana, alimwona analia.

"Kesho tunapanda tramu," alisema Brenda.

"Nitaenda ikiwa imepona."

"Imepona nini?"

"Koo. Nitaunga vipande vyembamba kwenye mashavu, nirudishe nilichokata. Kabari yake itashika kama zamani. Nitaenda nayo nzima, nimwambie hii hapa, weka chako."

"Utaifanyaje nzima wakati kabari iko kwake? Si huwa unasema mwenyewe lazima ujaribu na kukwangua, ujaribu na kukwangua?"

"Nitaifikisha mahali ambapo kimebaki kidogo tu."

"Neville, nenda mikono mitupu! Nenda na soksi kichwani! Mtu anataka kukuona wewe, hataki kuona mbao!"

"Siendi kwake na kazi nusu," Neville alisema. "Si baada ya hilo. Siwezi." Na alimaanisha. Mtu mwingine angekwenda kuomba radhi kisha akatengeneza. Kwa Neville kutengeneza ndiko kuomba radhi, na radhi nusu haikumwingia akilini.

Kwa hiyo akaanza. Alihitaji mbao ya umri uleule, akazunguka masoko mpaka akapata randa nyingine iliyokufa, akaichana. Vipande vya kwanza nyuzi zake hazikukaa sawa, akavibandua. Vya pili gundi ilipiga mapovu. Novemba ikaingia, vijana wakarusha fataki zao za kila mwaka mtaani, moshi ukajaa bondeni, na Neville alikuwa bado anaunga. Lorraine alipiga simu, akasema baba yake haamki tena kitandani, na kila mlango ukigongwa anauliza ni nani. Brenda alikwenda na habari hiyo mpaka karakanani, akaisema yote, akasubiri.

"Gundi haijakauka," Neville alisema.

"Mungu akusamehe," alisema Brenda, "maana mimi nimeshachoka."

Alikwenda Gleadless peke yake siku hiyo, akakaa na Clifford, akamdanganya kwamba Neville ana mafua. Clifford alimshika mkono. "Ana mafua tangu nimjue," alisema.

Hatimaye siku ikafika vipande vikakaa. Vilikuwa vinene kidogo kwa makusudi, vinasubiri kabari yenyewe ivionyeshe pa kukwanguliwa. Kazi ya nusu saa, fundi mmoja, patasi kali. Neville alinyoa ndevu, akavaa koti lake la kanisani na kofia, akaifunga randa kwenye gunia la Harold, akatia patasi mfukoni. Hakutaka Brenda amsindikize. Kwenye tramu alikuwa akisogeza midomo. Alikuwa anajifunza maneno. Alikuwa amepata matatu au manne ambayo yalimridhisha.

Alipokunja kona ya mtaa wa Clifford aliona mapazia ya mbele yamefungwa. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limewaka, na nyumba zote jirani zimefunguliwa mapazia. Alijua. Mtu yeyote wa mji ule angejua, maana huko nyumba yenye msiba hufunga mapazia. Aliendelea kutembea kwa sababu miguu ilikuwa imeshaanza.

Lorraine alimfungulia. Hakumkumbatia, hakumfukuza. Alisogea pembeni ampishe.

"Alfajiri," alisema. "Watu wa maziko walikuja kumchukua saa tatu. Nilikuwa najiandaa kuwapigia."

Neville aliingia sebuleni na gunia lake mikononi, akasimama katikati ya zulia. Yale maneno ya kwenye tramu yote yalikuwa yamemtoka. "Nimeileta," alisema. Ndilo alilolipata. Aliliweka gunia juu ya meza ya chakula akalifungua, na randa ikakaa pale, inang'aa kwa mafuta, koo lake limezibwa na vile vipande vyeupe visivyokwanguliwa, havipitishi kitu.

Lorraine aliitazama. Hakuwa fundi, lakini alikuwa mjukuu wa fundi. "Mbona haijaisha?"

"Nilihitaji kabari. Ndipo nimalizie."

"Kabari ameondoka nayo. Ilikuwa kwenye ngumi yake. Wale watu walitaka kuifungua ile ngumi, nikawaambia waache." Alikwenda kwenye droo akarudi na ile soksi, nyepesi kuliko zamani, na kisu ndani yake. Akaiweka mezani. Halafu akatoka mpaka kwenye gari lake, na aliporudi alikuwa na kamba mpya nyeupe, bado imefungwa karatasi ya dukani. "Na hii ilikuwa kwenye buti la gari. Tulipitia dukani Jumamosi ile tukija kwenu. Alichagua mwenyewe, alimsumbua muuzaji mpaka basi. Akasema nisiishushe kwanza, atanipigia mluzi."

Neville aliishika kamba. Akaipima unene kwa kidole gumba. "Ningekuja," alisema mwishoni. "Lorraine, ningekuja, nilikuwa tu nataka iwe..."

"Kwa hiyo hata ungefanya nini, bado ilikuwa lazima uje kwake ndipo iishe."

"Ndiyo."

"Basi ungekuja nayo hivyohivyo, ba'mdogo." Hapo ndipo sauti yake ilipovunjika. "Asubuhi ile ya Jumapili, kesho yake tu, ungekuja nayo hivyohivyo. Alikuwa anakusubiri dirishani na koti amevaa."

Nje tramu ilipita. Neville aliitazama ile kazi yake mezani, gundi, vipande vyeupe, vyote vimefunuliwa mchana kweupe, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye gunia aifunike.

"Iache," Lorraine alisema. Alikuwa amelishika gunia upande wa pili. "Jioni watu watakuja kunipa pole. Iache hapo waione."